Kondoo Wachache, Nyama Nyingi

Mwaka 1982 Nyuzilandi ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 70, yaani zaidi ya 20 kwa kila mwananchi. Leo hawafiki milioni 26. Ukizisoma hesabu hizo harakaharaka utasema ufugaji wa kondoo kule umekufa, na ni kweli kwamba malisho mengi yamechukuliwa na ng'ombe wa maziwa na misitu ya misonobari. Lakini nyama ya wanakondoo haikupungua hata karibu na kiasi hicho. Mnamo 1990 majike 100 walikuwa wakitoa takriban wanakondoo 100; sasa hutoa kama 130. Mwanakondoo aliyekuwa na kilo 14 hivi baada ya kuchunwa na kutolewa matumbo, siku hizi anapita 18. Kama wanakondoo wote wangechinjwa, majike 100 waliokuwa wakitoa kilo 1,400 za nyama sasa wangetoa zaidi ya 2,300. Hapo ndipo penye kiini cha kuhama kutoka sufu kwenda nyama, na wengi hawapaoni: hubadilisha bidhaa wanayouza, wakabaki na namna ya kufuga ileile.

Sufu ya kondoo wengi wa nchi ile ni nene, ya kutengenezea mazulia, si laini kama ya suti. Nyuzi za viwandani kama nailoni zilipolichukua soko la mazulia, bei ilishuka, na katika miaka ya karibuni wafugaji wengi wameona fedha ya sufu ikishindwa hata kuwalipa wanyoaji. Na kunyoa hakuachiki. Kondoo akiachwa na sufu ndefu, kinyesi na mkojo hugandamana nyuma ya mapaja, nzi hutaga mayai humo, na baada ya siku chache funza wanamla nyama akiwa hai. Kwa hiyo mfugaji hulipia mavuno yasiyomlipa, na hana ruhusa ya kuyaacha shambani.

Tofauti kubwa, hata hivyo, iko kwa jike. Kwenye shamba la sufu kila kondoo ana kazi: tasa hutoa sufu, dume aliyehasiwa hutoa sufu, mwaka baada ya mwaka. Kwenye shamba la nyama, jike asiyelea mwana anakula majani bure. Ndiyo maana wafugaji makini huwapima majike mimba kwa ultrasaundi, wakawatenga wenye mapacha na kuwapa malisho bora zaidi, maana pacha akizaliwa dhaifu usiku wa mvua na upepo haoni asubuhi. Msimu wa kupandisha nao hupangwa ili uzazi uangukie wakati majani yanapochipua kwa wingi. Kazi hii ni ngumu kuliko kusubiri sufu iote, na asiyekuwa tayari kuifanya asihame.

Wapo wanaosema sufu ni zao safi lisiloichafua dunia kama plastiki, na kwamba soko litarudi. Usafi wake siupingi hata kidogo, na wenye Merino wa sufu laini kwenye milima ya Kisiwa cha Kusini wana sababu nzuri ya kubaki walipo. Kwa sufu nene, matumaini hayalipi mshahara wa mnyoaji. Wengine huhofia kwamba bei ya nyama nayo huyumba. Huyumba kweli, ila sufu haikuwahi kuwa kimbilio: Australia iliiwekea bei ya chini kabisa ya lazima, mpango ukavunjika Februari 1991 ukiacha marobota zaidi ya milioni nne maghalani, na ilichukua miaka kumi kuyamaliza.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya mbegu: kwa nini usilete tu kondoo wanaopukutisha manyoya wenyewe? Ni njia nzuri, lakini ukipandisha kidogokidogo, vizazi vya katikati hutoa sufu iliyochanganyika na nywele, isiyotakiwa na mnunuzi, na wengi wao bado watahitaji kunyolewa. Tena mbegu huja na udhaifu wake. Dorper, kondoo wa nyama aliyetengenezwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset na kondoo mwenye kichwa cheusi mwenye asili ya pembe ya Afrika, aliletwa Kenya na kupandishwa kwa kondoo wekundu wa Wamasai. Wana wakawa wakubwa, wachuuzi wakawapenda. Lakini kondoo wa Kimasai huhimili minyoo ya tumbo kuliko Dorper, na kwenye maeneo yenye unyevu mwana mkubwa anayekufa kabla ya kuuzwa hana faida kwa mtu. Anayenunua dume basi aulize mambo mawili kabla ya kutazama mgongo na mapaja: mama yake alilea wana wangapi kila uzao, na alitibiwa minyoo mara ngapi.