Dalali wa Ng'ombe na "Cha Juu": Pesa Hiyo Ni ya Nani?



Kila unapokaribia mwezi wa Dhul-Hijjah, familia nyingi za Unguja na Pemba hutuma pesa bara ili wanunuliwe mnyama. Tuchukulie mfano. Nyumba saba zimechanga shilingi 200,000 kila moja. Wana jamaa yao anayefanya kazi Karagwe, mkoani Kagera, katika kata ya Chonyonyo. Jamaa huyo hajui ng'ombe, akamtafuta dalali. Dalali akaleta fahali wa Ankole, wale wenye pembe ndefu, akasema bei ni 1,400,000. Baada ya Idi ikajulikana kuwa mfugaji alipokea 1,120,000 tu. Je, ile 280,000 iliyobaki ni halali ya dalali?

Watu wa sokoni huiita "cha juu", na wengi wanaiona ni jambo la kawaida. Katika shari'ah jibu linategemea swali moja: dalali huyo alikuwa anamfanyia kazi nani?

Dalali ni muuzaji au ni wakala?

Mtu akinunua ng'ombe kwa pesa yake, akammiliki na kumpokea, kisha akakuuzia wewe kwa faida, huyo ni mfanyabiashara. Faida ni yake, mradi asikudanganye. Lakini ukimpa pesa yako akununulie, huyo ni wakala, na wakala ni mwenye kuaminiwa amana. Anachonunua ni chako, na kinachobaki ni chako.

Dalili iliyo wazi ni kisa cha Swahaba 'Urwah Al-Baariqiy (Radhwiya Allaahu 'anhu), kilichopokewa na Al-Bukhaariy. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Kwa dinari hiyo akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari yake. Faida ilitokana na ujanja wake wa biashara, lakini hakuitia mfukoni. Aliirudisha kwa mwenye mali, na Mtume akamuombea baraka katika biashara yake.

Kwa hivyo ile 280,000 ni ya nyumba saba, 40,000 kwa kila nyumba, na dalali anawajibika kuirudisha. Udhwhiya yao haiharibiki kwa kosa lake, kwani ng'ombe alinunuliwa kwa pesa yao na kwa ajili yao.

Je, dalali hana haki ya malipo?

Anayo. Al-Bukhaariy amenukuu kutoka kwa Ibn Siyriyn, 'Atwaa, Ibraahiym na Al-Hasan kwamba hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Kinachotakiwa ni ujira uwe wa wazi. Kwa madhehebu ya Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi visiwani, ujira lazima ujulikane: kwa mfano 50,000 akishakamilisha kazi. Kumwambia "kitakachozidi ni chako" hakufai kwao, kwa kuwa malipo hayajulikani. Ibn 'Abbaas (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) alijuzisha kwa muuzaji kusema "uza kwa kiasi hiki, kitakachozidi ni chako", na Mahanbali wamelichukua hilo. Hata hivyo, hapo pande zote mbili zinajua na zimeridhia. Kuficha bei hakujuzishwi na yeyote.

Na ikiwa ujira haukutajwa kabisa, lakini mtu huyo anajulikana kwamba hiyo ndiyo kazi yake, baadhi ya wanazuoni wanampa ujira wa kawaida wa mahali pale. Asijikatie mwenyewe.

Namna ya kumchagua

Kwanza, ulizia kwa wafugaji na watu wa msikiti wa huko, si kwa waliomsifu kwenye simu. Tafuta sifa mbili pamoja: uaminifu, na ujuzi wa mifugo. Mcha Mungu asiyejua ng'ombe atadanganywa, na mjuzi asiye mwaminifu atakudanganya wewe.

Pili, muulize waziwazi kama anapokea kitu kwa muuzaji, na kama ng'ombe ni wake au wa nduguye. Kwa madhehebu ya Shaafi'iy wakala hajiuzii wala hajinunulii mwenyewe.

Tatu, mwekee kikomo cha bei na sifa za mnyama. Akivuka kikomo bila idhini yako, hulazimiki kulipa ziada.

Nne, zungumza na mfugaji mwenyewe, hata kwa simu, na ikiwezekana mtumie yeye pesa moja kwa moja. Andikeni hati ya mauzo yenye bei, alama za ng'ombe na mashahidi wawili. Aayah ya 282 ya Suwrah Al-Baqarah imetuelekeza kuandika deni na kushuhudisha tunapouziana.

Tano, taka kibali cha afisa mifugo iwapo ng'ombe atasafirishwa. Karagwe inapakana na Rwanda, na Kyerwa, iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Rwanda na Uganda. Hakikisha hununui mnyama wa wizi au aliyevushwa kwa magendo.

Kuhusu mnyama wa udhwhiya, awe ametimiza miaka miwili. Meno mawili ya kudumu ya mbele huota karibu na umri huo. Asiwe chongo wa dhahiri, mgonjwa, kiguru wala aliyekonda sana. Pembe iliyovunjika haidhuru udhwhiya kwa Mashaafi'iy ikiwa nyama haikuathirika, jambo la kukumbuka kwa ng'ombe wa pembe ndefu wanaopakiwa kwenye lori.

Haki ya mfugaji

Usafi wa mali yako unahusu pia upande wa pili. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuwapokea njiani wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Dalali anayemvizia mfugaji njiani, akamwambia bei ya mnadani imeanguka ilhali sivyo, amemdhulumu kwa pesa yako. Vilevile imekatazwa najsh, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua. Mwambie dalali wako mapema kwamba hutaki unafuu wa namna hiyo.

Ng'ombe akifa njiani bila uzembe wa wakala, hasara ni yenu wenye mali, kwa sababu yeye ni mwenye amana. Akizembea au akikiuka masharti, atalipa.

Hukumu hizi ni zilezile, awe ng'ombe wa Karagwe, ngamia au farasi wa mbio. Dalali anayesoma haya na ana "cha juu" cha watu mkononi, mlango wa kurudisha na kutubia uko wazi.

Wa Allaahu A'lam.