Breki Iwe kwa Kipimo cha Gari

Katika ufundi, kama katika mambo mengine ya maisha, maendeleo ya kweli ni kujua kipimo. Leo tumependa kulizungumza jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo, lakini ndani yake mna roho za watu: nalo ni tabia ya baadhi ya wapenzi wa magari ya kale kuyavua magari hayo breki zake za asili na kuyavika breki za mashindano, zilizo kubwa kuliko haja ya gari lenyewe.

Hatuwalaumu wapenzi hao. Kulitunza gari la miaka ya 1960 hata likatembea mpaka leo, katika visiwa ambavyo upepo wa bahari hula kila chuma, ni kazi ya kusifiwa. Wala hatusemi kuwa breki ni kitu cha kufanyiwa ubahili. Tunalosema ni kwamba wingi wa nguvu si wingi wa usalama, na wahenga wetu walikwisha kutuasa kuwa ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Hivi karibuni tulikuwa katika gereji moja, tukamwona kijana ameleta Mini yake pamoja na sanduku lenye diski pana zilizotobolewa matundu na kalipa za alumini zilizopakwa rangi nyekundu. Fundi, mtu mzima mwenye mvi, alizigeuza mkononi, kisha akauliza: "Mwanangu, hizi utazisimamishia nini?" Kijana akajibu: "Gari, mzee wangu." Fundi akatikisa kichwa. "Breki husimamisha gurudumu. Gari husimamishwa na tairi."

Maneno hayo machache ndiyo kiini cha jambo lote. Breki ikiwa tayari ina nguvu ya kulikwamisha gurudumu, kuiongezea nguvu hakulifanyi gari lisimame mapema zaidi hata kwa shubiri moja. Kinachobaki ni mshiko wa tairi juu ya lami, na mshiko huo haujui kama diski ni ndogo au kubwa.

Na tuitazame Mini yenyewe, kwani historia yake ina mafunzo. Gari hilo lilitolewa Uingereza mwaka 1959, nalo lilibuniwa na Alec Issigonis. Uzito wake ulikuwa kiasi cha kilo 600 tu, na magurudumu yake yalikuwa ya inchi 10. Breki zake zote nne zilikuwa za ngoma, na tangu mwanzo iliwekwa vali ya kupunguza nguvu ya mafuta yaendayo nyuma, kwa sababu gari jepesi lenye injini mbele huinua mkia linapofungwa breki. Mwaka 1961 ilitoka Mini Cooper yenye diski za inchi 7 magurudumu ya mbele. Hizo hazikutosha, na mwaka 1963 Cooper S ikapewa diski za inchi 7.5, nene zaidi, pamoja na kisaidizi cha kuupunguzia mguu kazi. Kwa gari la namna hiyo, lenye diski ambazo upana wake ni sentimita 19 tu, timu ya kiwanda cha Uingereza ilishinda mbio za Monte Carlo miaka ya 1964, 1965 na 1967, katika milima ya Alps yenye materemko marefu na barafu. Mwaka 1984 kiwanda kiliziongeza diski kuwa za inchi 8.4, lakini hakikuongeza diski peke yake, bali magurudumu nayo yalifanywa ya inchi 12.

Basi tujiulize: ikiwa diski ya sentimita 19 ilitosha kwa Alps, ni teremko lipi katika Unguja na Pemba, ambako hakuna kilima kinachofika mita 150, linalodai diski za gari la mbio?

Faida ya kweli ya diski kubwa ni kustahimili joto. Kufunga breki ni kuugeuza mwendo kuwa moto, na moto huo hufuata uzito na mwendo. Gari la kilo 700 pamoja na dereva wake hutoa nusu ya joto litolewalo na gari la kilo 1,400 kwa mwendo huohuo. Na mwendo ukipungua kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 40, joto hubaki robo. Mwenye gari jepesi, anayekwenda sokoni na kurudi, hana moto wa kuuhitaji ukubwa huo. Zaidi ya hayo, pedi za mashindano zimetengenezwa zishike zikiwa za moto. Mtoto akikatisha barabara asubuhi, pedi zingali baridi, breki hiyo ya fahari huweza kushika vibaya kuliko ile ya kawaida iliyotolewa.

Yako na madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Kalipa yenye pistoni kubwa hutaka mafuta mengi. Masta silinda ikibaki ile ya zamani, pedali huzama karibu na sakafu kabla breki haijakamata. Ikiwekwa kubwa zaidi, pedali huwa ngumu, mguu wa mtu wa kawaida usiiweze. Breki za mbele zikizidishwa nguvu na za nyuma zikaachwa, magurudumu ya mbele hukwama mapema hali ya nyuma hayajafanya kazi yake sawasawa. Gurudumu lililokwama halitii usukani: dereva hugeuza, gari huenda moja kwa moja. Na mwenye kuongeza za nyuma bila hesabu hujitafutia makubwa zaidi, kwani magurudumu ya nyuma yakitangulia kukwama gari huzunguka kama pia. Tena uzito unaoongezwa gurudumuni haubebwi na springi. Juu ya barabara yenye mashimo, gurudumu zito huruka, na tairi lililo hewani halisimamishi kitu.

Adui wa breki katika visiwa vyetu si udogo wake. Ni chumvi na unyevu. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya maji kutoka hewani. Kipimo cha mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya ni kutochemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakiisha kunyonya maji, kipimo hicho hushuka hadi nyuzi 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na pedali hukanyagwa bila ya kupata kitu. Kutu nayo hula mabomba na kuzigandisha pistoni. Na kalipa nyingi za mashindano hazina mpira wa kuzuia vumbi, maana hufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Zikiwekwa katika gari la kila siku, mchanga na chumvi huingia bila kizuizi.

Kwa hiyo tunawashauri wenye magari hayo waanze na yaliyo karibu: tairi nzima zisizozeeka, mafuta mapya ya breki kila baada ya miaka miwili, mipira na mabomba yaliyokaguliwa, na ngoma zilizorekebishwa sawa kulia na kushoto. Anayetaka diski badala ya ngoma hakosei, kwani diski hustahimili joto na hukauka upesi baada ya kupita majini; lakini na azichukue za gari la ukoo uleule, pamoja na magurudumu yake, masta silinda yake na vali yake ya nyuma. Breki huhamishwa pamoja na jamaa zake wote.

Kwa wakuu wanaohusika na usalama wa barabarani, tunalo ombi moja. Gari lililobadilishwa breki lisipitishwe kwa kutazamwa tu, kwani rangi nyekundu humvutia mkaguzi kama inavyomvutia kijana. Lipimwe kwa mashine, gurudumu kwa gurudumu, ijulikane nguvu ya kulia na ya kushoto, ya mbele na ya nyuma, kabla halijarudi barabarani. Na mafundi wetu wapewe mafunzo ya hesabu hizo, maana wengi wana mikono hodari na wamekosa vipimo tu.

Kijana yule aliondoka na sanduku lake likiwa limefungwa. Mini yake ilibaki gerejini ikisubiri tairi nne mpya na chupa ya mafuta ya breki. Hatukuona katika gari lile kitu cha kujivunia mbele ya wenzake. Lakini mpita njia atakayenusurika mbele yake hataliuliza lina diski ya inchi ngapi.