Sauti ya Kijapani katika magari ya Kibiti inasema nini?

DEREVA anawasha gari kituoni Kibiti, na kabla redio haijafunguka sauti ya mwanamke inatamka kwa upole: "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen." Abiria wamekwisha kuizoea. Wapo wanaodhani ni salamu, wapo wanaodhani ni onyo la mikanda, na dereva mwenyewe mara nyingi hana la kuwajibu.

Sauti hiyo hutoka katika kifaa cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, mfumo ulioenea nchini humo mwaka 2001. Gari lililotumika huko huja na kifaa chake hadi Bandari ya Dar es Salaam, lakini kadi hubaki kwa mwenye gari wa kwanza. Kwa hiyo kila gari linapowashwa, iwe Barabara ya Kilwa au njia ya vumbi ya kwenda Nyamisati, kifaa kinalalamika: kadi ya ETC haijaingizwa.

Sentensi hiyo moja ni somo zuri kwa anayeanza Kijapani. Katika Kiswahili, neno "haijaingizwa" huanza kwa kukanusha. Msikilizaji akisikia "ha-" tayari anajua kuna jambo halikufanyika. Mjapani hufanya kinyume chake. "Soonyuu" ni uingizaji, "sarete" inaonyesha kuwa kitu kinatendwa, "i" inaeleza hali iliyopo, "mase" ni ya adabu, na kukanusha kunakuja katika herufi ya mwisho kabisa, "n". Anayekatiza mazungumzo ya Mjapani kabla hajamaliza huenda akaondoka na habari iliyo kinyume.

Kitenzi hicho kirefu, hata hivyo, hakisemi nani kafanya nini. Hakina "a-" wala "i-" ya kumtaja mtenda, wala "-m-" ya kumtaja mtendwa. Kazi hiyo imekabidhiwa vijineno vifupi vinavyofuata nomino, ambavyo Wajapani huviita "joshi", yaani maneno ya kusaidia. "Ga" iliyo baada ya "kaado" ni mojawapo.

Uzito wa vijineno hivyo unaonekana vizuri kwa mfano wa delta ya Rufiji, ambako mamba ni hatari ya kweli kwa wavuvi na wachota maji. Mamba kwa Kijapani ni "wani", mvuvi ni "ryooshi", na "tabeta" ni kula kwa wakati uliopita. "Wani ga ryooshi o tabeta" maana yake mamba alimla mvuvi. "Ryooshi o wani ga tabeta" maana yake ni ile ile, ingawa mvuvi ametangulia, kwa sababu "ga" imebaki kwa mtenda na "o" kwa mtendwa. Vijineno hivyo vikibadilishana nafasi, mvuvi ndiye aliyemla mamba. Katika Kiswahili mamba na mvuvi wote huchukua "a-" na "-m-", hivyo mpangilio wa maneno ndio unaomwokoa msikilizaji.

Kikwazo kikubwa kwa Mswahili ni vijineno vinavyofanana na vya kwao. "Wa" ya Kijapani haimaanishi umiliki. Hutaja jambo linalozungumziwa, kama mtu anavyosema "huyu mvuvi, yeye..." Hivyo "ryooshi wa kodomo desu" si mvuvi wa mtoto, bali "mvuvi ni mtoto". Anayetaka kusema mtoto wa mvuvi hana budi kutumia "no", tena kwa mpangilio uliogeuzwa, mwenye mali kwanza: "ryooshi no kodomo". Soko la Kibiti, vivyo hivyo, ni "Kibiti no ichiba".

Kuna pia "ni", na hapa lugha hizi mbili zinakaribiana kwa namna ya kushangaza, ingawa hazina undugu wowote. Mto ni "kawa". "Kawa ni iku" ni kwenda mtoni. "Kawa ni wani ga iru" ni mtoni kuna mamba. Mwanafunzi hufurahi, akadhani amepata "-ni" ya nyumbani na sokoni. Furaha hiyo ina mpaka wake. Kiswahili husema "mtoni" kwa anayekwenda, aliyepo na anayefanya kazi huko, lakini Mjapani hutenga kazi na kuipa "de": "kawa de sakana o toru", kuvua samaki mtoni. "De" hiyo hiyo hutaja chombo. Kwenda Mafia kwa boti kutoka Nyamisati ni "Nyamisati kara Mafia ni fune de iku", ambapo "kara" ni kutoka na "fune" ni chombo cha majini.

Matamshi hayasumbui sana, kwani irabu ni zile zile tano. Ila urefu wake una maana, kama ilivyo kwa kufa na kufaa: "obasan" ni shangazi, "obaasan" ni bibi. Maneno ya Kiingereza nayo yamevikwa irabu mwishoni kwa lugha zote mbili, ndiyo maana "kaado" na kadi, "basu" na basi, "hoteru" na hoteli hutambuana mara moja.

Msamiati wenye asili ya Kichina ndio unaoweza kumtia mtu hasara. Kwenye kifuniko cha tangi la mafuta la Hiace au Coaster nyingi huandikwa alama mbili, 軽油, zinazosomwa "keiyu". Mwenye kamusi atakuta kuwa ya kwanza ni "nyepesi" na ya pili ni "mafuta". Mafuta mepesi, wengi wangekimbilia petroli. Sivyo. Wajapani huyaita mepesi kwa kuyalinganisha na "juuyu", mafuta mazito yanayochomwa katika meli na tanuri. Petroli wao huiita "gasorin". "Keiyu" ni dizeli, na injini ya dizeli iliyojazwa petroli inaweza kuharibu pampu yake kabla gari halijafika Daraja la Mkapa.