Je, Wajua? Beetle ya Babu Irudi Barabarani

Je, wajua kwamba Volkswagen Beetle ya urithi si mkosi wa kufilisi ukoo? Zilitengenezwa 21,529,464, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kwa wingi huo, spea mpya zingali zinatengenezwa.

Je, wajua kwamba kabla ya spana kuna karatasi? Nchini Tanzania, mahakama humteua msimamizi wa mirathi, na ndiye anayehamisha gari kwenda jina la mrithi. Usiweke pesa kwenye gari ambalo shangazi naye analidai.

Je, wajua kwamba gari lililolala miaka halipigwi stati siku ya kwanza? Mwaga petroli iliyochacha, safisha tangi, badilisha oili. Toa plagi, tia matone ya oili kwenye silinda, kisha zungusha injini kwa mkono. Ikigoma, usiilazimishe.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa? Maji hayo huozesha silinda za breki kwa ndani. Mipira ya breki nayo huvimba hadi gurudumu likagoma kuachia hata ukiondoa mguu. Na Beetle nyingi za zamani zina njia moja tu ya breki: bomba moja likipasuka, breki ya mguu inakwisha kwa magurudumu yote. Anza kutumia pesa hapo.

Je, wajua kwamba tairi lenye kashata nzima laweza kuwa limekufa? Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya 2000. Litupe.

Je, wajua kwamba mpira wa petroli, spea ya bei ndogo kabisa, umeteketeza Beetle nyingi? Ukipasuka, petroli hudondokea injini yenye moto, na bloku yake ya aloi ya magnesi ikishashika haizimiki kirahisi. Badilisha mipira yote na klipu zake.

Je, wajua kwamba betri hukaa chini ya kiti cha nyuma? Springi za kiti zikigusa nguzo za betri, cheche huwasha sponji. Ifunike.

Je, wajua kwamba taa nyekundu ya chaji ni ya kuogopwa? Mkanda unaozungusha jenereta ndio unaozungusha feni ya kupoza injini, na rejeta hamna. Taa ikiwaka safarini, simama hapo hapo.

Je, wajua kwamba injini hushikiliwa na bolti nne tu kwenye giaboksi? Hunywa lita 2.5 za oili, na chujio lake ni wavu unaooshwa na kurudishwa. Ujira wa fundi hupungua.

Je, wajua kwamba gari hili dogo lilishinda Safari Rally ya 1962, likiendeshwa na Tommy Fjastad?

Je, wajua kwa nini rangi huja mwisho? Mafuta ya breki yakimwagika huibabua, na moto wa kuchomelea sakafu iliyooza chini ya betri huiunguza. Anayeanza na rangi huilipia mara mbili.