Gramu 170 Kati ya 500: Hesabu ya Bekoni ya Oveni

Mara ya kwanza nilipopima bekoni kabla na baada ya kuioka, nilidhani mizani imeharibika. Nilikuwa nimeweka gramu 500 mbichi. Ilipotoka kwenye oveni imekauka vizuri, ukiikunja inavunjika kwa mlio, mizani ilisoma 172. Nikatoa betri, nikairudisha, nikapima tena. 172. Theluthi mbili ya nilichokilipia haikuwapo.

Mizani ilikuwa nzima. Bekoni ya tumbo la nguruwe ikiwa mbichi ina takriban asilimia 40 ya mafuta, asilimia 40 ya maji, na protini asilimia 12 au 13. Kinachobaki ni chumvi na vitu vidogo vidogo. Katika gramu 500, basi, maji ni gramu 200. Joto linafukuza zaidi ya gramu 170 za maji hayo kama mvuke, na gramu 130 hivi za mafuta zinayeyuka na kubaki kwenye trei. Kinachofika kwenye sahani ni protini, mafuta kiasi, chumvi yote iliyong'ang'ania, na maji kidogo sana. Huko ndiko kukauka kwenyewe. Anayetaka bekoni inayovunjika hana budi kukubali kupoteza uzito huo, kwa kuwa ikibaki na maji itabaki laini.

Marekani wameliandikia jambo hili kanuni. Idara yao ya Kilimo inataka bekoni inayouzwa ikiwa imeshapikwa isizidi asilimia 40 ya uzito wake wa ubichi. Kiwanda kikitoa asilimia 50, hiyo haijaiva kiasi cha kuitwa bekoni iliyopikwa. Mpishi wa nyumbani anayeipenda kavu kabisa huishia kwenye asilimia 30 hadi 36.

Sasa tuitie shilingi. Bei zinatofautiana mji kwa mji na duka kwa duka, kwa hiyo nitatumia ya mviringo, Sh 30,000 kwa kilo mbichi, nawe weka ya kwako. Gramu 500 ni Sh 15,000. Zikibaki gramu 170, kilo moja ya bekoni unayoitafuna inakugharimu zaidi ya Sh 88,000. Bei iliyobandikwa kwenye pakiti ni ya nyama pamoja na maji yatakayopaa hewani. Bei ya kweli ni hii ya pili, na mtu akishaizoea ananunua kwa namna nyingine.

Chukua pakiti mbili dukani. Moja ni Sh 24,000 kwa kilo, ya pili Sh 30,000. Ile ya bei nafuu mara nyingi ilidungwa maji ya chumvi kwa sindano ili ikolee haraka. Ya ghali ilipakwa chumvi kavu ikaachwa siku kadhaa. Tuseme ya kwanza inabakiza asilimia 28 baada ya kuokwa na ya pili asilimia 36. Kilo kavu ya kwanza imekugharimu Sh 85,700, ya pili Sh 83,300. Nafuu imegeuka ghali. Utaijua yenye maji mengi ikiwa ndani ya oveni: dakika ya sita au ya saba inaanza kutoa povu jeupe, zito, linalotokota pembeni mwa kila slaisi kama uji. Hayo ni maji yaliyodungwa yakitoka na protini iliyoyeyuka. Mpaka yakauke, nyama inachemka tu, haiokeki. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, slaisi zenye maji ya kuongezwa zaidi ya asilimia 5 sharti zitaje maji hayo kwenye jina la bidhaa. Huku kwetu Tanzania geuza pakiti usome orodha ya viambato. Maji yakitajwa karibu na mwanzo, weka pakiti chini.

Watu wengi wananiuliza kwanza kuhusu umeme, na ninaelewa kwa nini. Oveni inatisha ukitazama uniti kwenye mita ya Luku zinavyoshuka. Lakini hesabu yake ni ndogo. Oveni ya kawaida ya nyumbani, kuipasha hadi nyuzi 200 na kuoka dakika 20, inakula karibu uniti 0.9. Kwa mteja wa daraja la kawaida la umeme, T1, uniti ni Sh 292, na kodi na tozo zikiongezwa inafika kama Sh 356. Jumla ni Sh 320. Nyama ilikuwa Sh 15,000. Umeme ni asilimia 2 tu ya gharama.

Na hata hiyo 0.9, nyama yenyewe haiihitaji yote. Kupasha gramu 500 kutoka baridi ya friji na kugeuza gramu 170 za maji kuwa mvuke kunataka uniti 0.15 hivi. Sehemu tano kati ya sita zinapasha kuta za chuma, hewa, trei na jiko zima. Ndiyo sababu trei ya pili haiongezi gharama ya maana: oveni ilishalipiwa. Slaisi 18 za gramu 28, zikigawanywa trei mbili, kila moja inabeba umeme wa Sh 18. Oka slaisi sita peke yake, oveni itavuta karibu umeme uleule, na kila slaisi itabeba Sh 47 au 48. Kikaango cha gesi kwa slaisi sita ni nafuu kuliko oveni, tena kinawahi. Kwa pakiti ya gramu 200, ambayo ndiyo wengi wananunua, mimi hutumia kikaango bila kujiuliza mara mbili.

Umeme unaopotea hauumizi kama trei inayoungua. Trei moja ya slaisi tisa ni Sh 7,500 ya nyama, sawa na kuwasha oveni mara 23. Bekoni inaungua ghafla. Dakika ya 16 ina rangi ya asali, dakika ya 19 imekuwa kahawia, dakika ya 21 ni chungu. Sukari iliyotiwa wakati wa kukolezwa ndiyo inayotangulia kuungua. Kwa hiyo naipanga kwenye karatasi ya kuokea bila slaisi kupandana, naiingiza oveni ikiwa bado baridi ili mafuta yaanze kuyeyuka taratibu, naweka nyuzi 200, nabadilishanisha trei ya juu na ya chini katikati ya safari, na natoa wakati slaisi ukiinyanyua kwa koleo bado inainama kidogo nchani. Wengi wanakosea hapo. Wanasubiri ikakamae ndani ya moto, wakati ukakamavu wa mwisho unakuja nje, dakika mbili juu ya waya, mafuta yanapopoa. Ukisubiri ikakamae ndani umeshachelewa.

Faida kubwa ya oveni inaonekana watu wakiwa wengi. Tuchukue hoteli ya watalii Arusha yenye wageni 80, slaisi tatu kwa kila mmoja: slaisi 240, kilo 6.7, zaidi ya Sh 200,000 kwa asubuhi moja. Kikaango kinachobeba slaisi sita kwa dakika nane kingehitaji awamu 40, yaani saa tano na dakika 20 za mtu mmoja kusimama mbele ya mafuta yanayorukaruka. Oveni kubwa ya hoteli yenye nafasi za trei kumi, slaisi 12 kila trei, inamaliza kwa awamu mbili. Oveni ya aina hiyo ina uwezo wa karibu kilowati 19. Hata ikivuta umeme wote bila kupumzika kwa dakika 40, haifiki uniti 13, ambazo kwa bei ileile ya T1 ni kama Sh 4,600. Na mpishi aliyeweka trei ana mikono mitupu ya kukaangia mayai.

Lakini wageni 80 hawali bekoni wote. Wamo Waislamu, wamo Wayahudi, wamo Wasabato, wamo wasiokula nyama kabisa, na wamo wanaotaka uji na papai basi. Jikoni inayooka slaisi 240 kwa sababu tu vitanda ni 80 itatupa. Slaisi 20 zilizobaki kila asubuhi ni Sh 16,800, zaidi ya nusu milioni kwa mwezi, wakati umeme wa kuoka slaisi zote 240 kila asubuhi kwa mwezi huohuo haufiki Sh 140,000. Oka nusu kabla ya saa moja asubuhi, nusu nyingine uioke kadiri sinia linavyopungua. Trei, koleo na waya za bekoni zitengwe, zisiguse chakula kingine. Hiyo ni gharama ya vyombo mara moja tu, na mgeni asiyekula nguruwe ana haki ya kula mayai yake bila wasiwasi.

Kuna hesabu nyingine ninayoiweka mezani kila ninapoizungumzia bekoni. Mwaka 2015, IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Makadirio yake: kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Slaisi iliyokauka ina gramu 9 au 10, kwa hiyo gramu 50 ni slaisi tano hivi. Slaisi tatu zina zaidi ya gramu 1 ya chumvi, na shirika hilohilo linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwangu bekoni ni ya Jumapili.

Yamebaki mafuta. Kilo 6.7 za hoteli zinaacha kilo 1.7 hivi kila asubuhi, karibu lita mbili, na jikoni nyingi zinayamwaga kwenye sinki yakiwa ya moto. Yakifika kwenye bomba baridi yanaganda, na fundi anaitwa. Nyumbani nayachuja kwa kitambaa yakiwa vuguvugu, nayatia kwenye mtungi wa kioo, na yakipoa yanaganda na kuwa meupe. Gramu 130 za trei ya nusu kilo zinatosha kukaangia viazi mara tatu au nne.