Miezi ya Barafu (2): Nyufa za Europa

Wiki iliyopita tuliacha swali: kwa nini Mwezi wetu umejaa mashimo ya vimondo, ilhali Europa, mwezi wa Mshtarii unaokaribiana nao kwa ukubwa, ana machache mno? Jibu ni kwamba uso wake ni mchanga. Wataalamu wanaukadiria kuwa na miaka milioni 40 hadi 90 tu. Makovu ya zamani yamefutwa.

Chanzo ni mvutano wa Mshtarii. Europa huizunguka sayari hiyo kwa saa 85, lakini njia yake si duara kamili, kwa kuwa miezi jirani, Io na Ganymede, humvutavuta bila kukoma. Mara husogea karibu na Mshtarii, mara hujitenga. Wasomaji wa pwani wanajua maji kujaa na kupwa. Kule kinachopanda na kushuka ni ganda la barafu lenyewe, kwa mita 30 hivi. Na barafu yenye baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri haikunjiki. Hupasuka.

Nyufa za ajabu kuliko zote ni zile zenye matao, tao likiungana na tao kwa mamia ya kilomita. Chombo cha Voyager kilizipiga picha mwaka 1979, zikabaki fumbo kwa miaka 20, hadi Gregory Hoppa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walipolifumbua. Ufa huanza pale mvutano unapoishinda barafu, ukasonga kama kilomita 3 kwa saa. Mwelekeo wa mvutano hubadilika kadiri Europa anavyozunguka, nao ufa hupinda. Mvutano ukilegea, ufa husimama. Mzunguko unaofuata huanza tena, safari hii kwa kona kali. Kila tao, basi, ni kazi ya siku tatu na nusu.

Kwangu mimi hii ni hoja nzito kuliko picha yoyote ya kupendeza. Kama Europa angekuwa mgumu hadi ndani, barafu ingeinuka mita moja tu, na matao hayo yasingechorwa. Lazima chini yake kuna bahari.

Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika mwaka 2030 kikiwa na rada ya kupenya ganda hilo. Wiki ijayo tutahamia Enceladus, mwezi wa Zohali, ambako nyufa zingali wazi na zinarusha mvuke na chembe za barafu angani.