Vijana Wetu na Uhuru wa Kusema Mitandaoni

Katika vikao vya vijana tulivyoendesha Ifakara na vijiji vya bonde la Kilombero tulikusudia kuzungumzia stadi za maisha na kujikinga na UKIMWI. Kila mara mazungumzo yaliishia kwenye simu. Tumeona ni vema tuwaeleze tuliyoyasikia, maana mengi yanazihusu kamati zetu moja kwa moja.

Kwanza ieleweke kwamba kijana wa miaka 14 hadi 17 huku kwetu mara nyingi hana simu yake mwenyewe. Shule nyingi haziruhusu simu. Akirudi nyumbani huazima ya mama au ya kaka, akanunua bando dogo, akaharakisha kabla mwenyewe hajaidai. Laini nayo imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa cha mzazi, kwa kuwa yeye hajafikisha miaka 18 ya kupewa kitambulisho hicho. Basi lolote atakaloandika linatoka kwa jina la mtu mwingine. Sisi watu wazima hulisahau jambo hili. Vijana hawalisahau.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alitusimulia yaliyompata. Pampu ya kisima kijijini kwao ilikuwa imeharibika kwa muda mrefu, na michango ya matengenezo ilikwisha kukusanywa. Alipiga picha ya pampu hiyo kwa simu ya mama yake, akaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji na kuuliza fedha zimefikia wapi. Hakumtukana mtu wala kumtaja mtu. Kesho yake aliyeitwa ofisini ni mama, akaomba radhi mbele ya wazee kwa swali ambalo hakuliuliza yeye. Pampu ilikuja kutengenezwa. Binti huyo hajaandika tena kitu katika kikundi kile, na alituambia kwamba kinachomuuma si kukemewa, bali ni kumwona mama yake akiinamisha kichwa.

Je, sheria inasemaje? Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Maji ya kisima bila shaka ni mojawapo. Kwa upande wa pili ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama ilivyopitishwa, kifungu cha 16 juu ya taarifa za uongo na cha 23 juu ya unyanyasaji mtandaoni vinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Mtoto hahukumiwi kifungo, Sheria ya Mtoto inakataza. Hata hivyo wazazi wengi wamesikia habari ya faini tu, nao huwaambia watoto njia rahisi kuliko zote: nyamaza.

Tulidhani vijana wangetaka kila kitu kiruhusiwe. Sivyo. Wasichana hususan walikuwa wakali kuliko sisi. Wanataka anayesambaza picha za faragha za mwenzake aadhibiwe, maana wamewaona wenzao wakiacha shule kwa aibu. Wavulana kadhaa walitetea utani, kisha wakakiri kwamba utani huo hauwapendezi wanapotaniwa wao. Ila wote walitenganisha kutukana na kuuliza, na wakalalamika kwamba wakubwa huyachanganya mawili hayo, hasa swali linapohusu fedha. Hapo tuseme kweli: baadhi yetu tuliokuwa mezani tuliangalia chini.

Intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, wapo vijana walioona kwamba huenda ilizuia uvumi. Wengine walisema uvumi uliendelea kwa mdomo, tena bila njia ya kuuhakiki. Mmoja alikumbusha mafuriko ya mwaka 2024, maji yalipoingia mitaani Ifakara na ndugu waliokuwa mbali wakapata habari kwa picha za simu. Hawakuafikiana, nasi hatukuwalazimisha.

Kijana mwingine alituuliza kwa nini kikundi cha WhatsApp cha vijana wa parokia yake kimefungwa, wanaoandika ni viongozi tu. Tuliipelekea kamati husika swali hilo. Tulijibiwa kwamba vijana walikuwa wakituma vichekesho usiku wa manane, jambo ambalo nao hawakulikanusha. Baada ya majadiliano marefu kamati imekubali kikundi kifunguliwe kila siku kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, na wasichana wawili wamechaguliwa kukisimamia. Swali la kwanza lililoulizwa humo lilihusu mapato ya shamba la mpunga la vijana, na mweka hazina ameahidi kulijibu kwa maandishi kabla ya mavuno.